Bastola Isiyochagua Mkono

Tulimwita Mzee wa Shabaha, na sikumbuki mtu yeyote uwanjani aliyemwita vingine. Jambo la kwanza nililoligundua kwake ni kwamba aliyekosa shabaha alimvutia kuliko aliyepata. Hakuwa mtu wa kucheka wenzake. Mteja alifyatua, baluni ikabaki palepale ubaoni, naye Mzee akamsogelea, akainamisha kichwa na kumwuliza kwa adabu, "Uliskia ikiruka mkononi kabla, ama baadaye?" Mteja aliyekuja kujishindia beseni alibaki kumkodolea macho.

Mimi nilikuwa jirani yake wa banda. Nafuma sweta za shule kwa mashine huku Runyenjes, na msimu wa maonyesho ya kilimo ukifika hufunga duka nikafuata watu waliko: Embu, Manyatta, Meru, hata Githongo kukiwa na sherehe. Mara nyingi nilipangwa karibu na Mzee, kwa sababu wenye vyakula hawakutaka kukaa kando ya bastola. Nisipokuwa na mteja nilimuuliza maswali. Nimezaliwa na ulimi wa kuuliza, mama yangu alijaribu sana kuutibu kwa fimbo, na haukupona.

Banda lake lilikuwa turubai, meza, na ubao uliofunikwa kwa gunia ambapo baluni zilitundikwa. Nyuma ya ubao kulikuwa na bati zito alilolilaza kwa mshazari ili risasi zidondoke kwenye mchanga. Bastola zenyewe zilikuwa za upepo, zile za springi. Unakunja mtutu, springi inabanwa ndani, unatia kirisasi kidogo kama punje ya mtama, unafunga, unavuta triga. Hata hivyo sheria zetu hazikuruhusu mtu aziweke chini ya kitanda. Zililala kituo cha polisi, na asubuhi ya maonyesho afande mmoja mnene mpole, aliyepangiwa kuzifuata kila uwanja, alizileta mwenyewe, akazifunga kwa mnyororo mezani na kukaa nazo kutwa akinywa chai ya mke wa Mzee.

Nimeona mabanda mengine ya shabaha. Mwenye banda hupinda kidogo ile alama ya kulengea, mteja alenge baluni nyekundu na kupiga gunia, na zawadi zikae rafuni mpaka zishike vumbi. Mzee hakufanya hivyo. Kila asubuhi alihakikisha alama za kulengea zimekaa sawa, na mtu aliyejua kushika bastola aliondoka na sabuni na vikombe hadi mkewe akaguna. Nilimwambia waziwazi kwamba hiyo si biashara. Alinijibu, "Binti, mtu akikosa kwa sababu nimemdanganya, mimi nitajifunza nini?" Nikaona hapa pana mtu wa kuchunguzwa.

Alikuwa amejaa mambo yanayopingana. Aliishi kwa bastola na hakuweza kuangalia kuku akichinjwa. Kijana mmoja aliwahi kugeuza mtutu kuelekea njiwa aliyetua juu ya turubai langu, na Mzee, ambaye kwa kawaida ulilazimika kumsogelea ndipo umsikie, akamfukuza kwa sauti iliyofika mpaka kwa waonyesha ng'ombe. Alikuwa mzee wa kanisa mwenye heshima zake, lakini Jumapili ya maonyesho hukumwona kanisani. Alikuwa mpole kwa wateja na mgumu kama jiwe nyumbani, akisema hapana ilikuwa hapana mpaka mwaka uishe. Tena yeye mwenyewe hakupiga shabaha hata kwa kubembelezwa. Nilidhani macho yamechoka. Kumbe alikuwa na sababu.

"Mkono yangu inajua sana," alisema. "Inajua hii inaruka wapi, inaifuata. Nikipata baluni, ni mimi nimepata, si bastola. Nataka mkono yenye haijui kitu."

Ndiyo maana alinipenda mwanzoni, maana sikujua kitu. Alinipa bastola, nikakosa, akafurahi, akanihoji kama karani wa mahakama. Kisha nilipomuuliza kwa nini nimekosa akasahau nafsi yake na kunieleza, na tangu siku hiyo nikawa napata baluni moja baada ya nyingine. Akanitazama kwa huzuni. "Umeharibika," alisema, na hakunipa tena bastola ya kujaribu.

Alichonieleza ni hiki, na nimekihifadhi kwa maneno yake. "Angalia. Springi ikienda mbele, bastola inarudi nyuma, si ndio? Halafu pistoni inafika mwisho inagonga, bastola inaruka mbele. Na hiyo yote, risasi bado iko ndani ya mtutu. Haijatoka! Inatoka kwa kitu kinatetemeka. Mwenye alitengeneza hii kitu alijua, akanyamaza." Bunduki ndefu ya springi, aliendelea, ina kasoro hiyohiyo, ila ina mwili wa kuibeba, na inaegemea bega. Bastola ni nyepesi, imeshikwa mwisho mmoja tu, na silinda imekaa juu ya ngumi. Ukiikaza inarukia upande mmoja, ukiilegeza inarukia mwingine. Kwa hiyo bastola moja ileile inapiga mahali tofauti kwa kila mtu anayeishika, na kila mtu anadhani kosa ni lake.

Dawa aliyowapa wateja ilikuwa moja, na aliitoa kutwa nzima bila kuchoka: "Ishike kama umebeba kifaranga. Usikaze. Wacha iruke vile inataka." Waliomsikiliza walipata. Wanaume wengi hawakusikiliza, maana walikuja na wachumba wao na hawakutaka kufundishwa kubeba kifaranga mbele yao.

Sasa niseme habari ya mkewe, kwa sababu bila yeye huyu mzee ni hadithi nusu.

Mama alikuwa mwanamke wa Githongo, mwenye mikono iliyozoea jembe na kamba ya kuni. Shamba lao la kahawa lilikuwa huko, mikononi mwa shemeji, nao wakikaa chumba cha kupanga Meru mjini kwa ajili ya banda. Nyumbani waliishia kutuma salamu za Krismasi na pesa za matanga. Mama hakulipenda lile banda. Alitaka kurudi kwake, na alisema hivyo kwa kila aliyemsalimia. Siku moja, muda mrefu kabla sijawafahamu, mteja fulani alimtania ajaribu bastola. Akaichukua, akaikamata kama anavyokamata panga, akakosa, na foleni nzima ikaangua kicheko. Mama akaiweka mezani na kumgeukia mumewe.

"Si mimi nimekosa," alisema. "Hii kitu yako ndio mbaya. Siku itapiga baluni nikiishika vile nimeishika hivi, tunafunga hii banda tunaenda nyumbani."

Na Mzee, mbele ya watu wote, akajibu, "Sawa."

Afande ndiye aliyenisimulia, akiapa kwamba alikuwepo. Bastola ile wakaibandika jina Kaidi. Tangu hapo, kila asubuhi ya maonyesho kabla kamba ya kuzuia watu haijafunguliwa, Mama alifuta mikono kwa leso, akaikamata Kaidi kwa nguvu zake zote, akafyatua. Risasi ikaenda kwenye gunia. Mama akasema, "Bado," akaenda kuinjika chai. Mzee alibaki kuitazama Kaidi, na uso wake siku hizo sikuweza kuusoma. Alilipenda lile banda kuliko kitu chochote. Kila alichokifanya kwa Kaidi kilikuwa kinamsogeza karibu na siku ya kulifunga, na hakuacha kukifanya.

Nilimuuliza jambo ambalo wewe pia ungeuliza. Mbona wageni anawaambia habari ya kifaranga, na mke wake hamwambii? Alinikatiza haraka. "Alisema vile ameshika. Nikimfundisha, nitakuwa nimetengeneza yeye. Hakusema nitengeneze yeye."

Basi alikuwa anatafuta bastola isiyojali imeshikwaje, na kwa aina ile ya bastola, hilo ni kama kutafuta mvua isiyolowesha. Alifanya kazi mwisho wa siku, wateja wakiondoka, afande akiwa pembeni maana silaha haikuruhusiwa kufunguliwa bila yeye. Mzee alitandika gunia safi, akavua koti, akaifungua Kaidi kipande kwa kipande. Kabla ya hapo aliniomba nifyatue nikielekeza kwenye mchanga, yeye akiwa ameweka kiganja juu ya silinda na kufumba macho. "Imenung'unika," alisema. Au, "Leo imepiga chafya." Nilicheka, lakini nilipoweka kiganja changu nilisikia kweli, springi ikitetemeka ndani baada ya risasi kwenda zake, kama kitanda cha zamani mtu akigeuka.

Ule mtetemo aliutuliza kwa kipande cha paipu ya plastiki ya kumwagilia shamba, alichokipasua na kukivalisha springi kwa ndani isichezecheze. Ngozi ya pistoni ilipochakaa aliweka kile kikombe cha ngozi cha pampu ya baiskeli, akikichonga kwa wembe na kukiloweka mafuta. Hapo kwenye mafuta ndipo alipofanya kosa ambalo nadhani lingefanywa na mtu wa Meru tu.

Makadamia ilikuwa imejaa kila nyumba mwaka ule, na mtu wa kanisani alikuwa amekamua mafuta yake kwa mkono. Mzee aliyaona ni safi, hayana harufu, akasema yatafaa ngozi. Akaiogesha ngozi kwayo. Kesho yake, kwenye uwanja wa Embu, mteja wa kwanza alifyatua Kaidi na ikalia kishindo ambacho hatujawahi kukisikia, ikatoa moshi mweupe mdomoni. Hewa ikibanwa haraka hivyo hupata moto, na mafuta yalikuwa mengi, yakalipuka mle ndani. Afande alimwaga chai mapajani. Askari wengine wawili walikuja mbio kutoka langoni. Lakini watu! Watu walikimbilia banda letu kutoka kila upande wa uwanja. Kila kijana aliitaka ile inayolia, na foleni ilizunguka mpaka ikafunika sweta zangu.

"Mzee, wacha hivyo hivyo!" walimpigia kelele. "Hiyo ndio bastola sasa!"

Ingekuwa mimi ningeloweka zote. Mzee aliitoa Kaidi mezani, akamwomba afande ruhusa, akaifungua palepale na kuanza kuikausha kwa kitambaa, huku foleni ikimtukana na kutawanyika. "Inapiga juu ya baluni, urefu ya mkono mzima," alinung'unika. "Leo juu, kesho chini, hakuna mtu anajua. Hiyo si nguvu, ni wazimu." Mama alimsongezea kitambaa kingine. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza, na hakuwa anatabasamu kwa sababu ya moshi.

Hali ya hewa nayo ilimsumbua. Asubuhi za baridi kule juu grisi iliganda na Kaidi ikawa nzito, risasi zikashuka. Tukiteremka upande wa joto grisi ikalainika na bastola ikawa na haraka. Alikuwa akiilaza juani juu ya leso kabla ya kazi, naye afande akiilinda kama mgonjwa aliyetolewa nje ya wodi.

Mama, katika miaka yote hiyo, alikuwa na tabia yake. Kila maonyesho yalipoanza kufungwa alikwenda kwa wauza miche na kununua mmoja: parachichi, makadamia, matunda damu, hata mwembe. Aliufunga kwa gunia lenye maji na kumpa mtu anayekwenda Githongo, ampelekee shemeji aupande. Nilimuuliza ilimea? "Nasikia imemea," alisema. "Nasikia parachichi ilizaa. Watoto wa shemeji walikula." Alisema nasikia kila mara, na neno hilo lilinichoma kuliko manung'uniko yake yote.

Mwishoni Mzee aliacha kutafuta nguvu, akatafuta utulivu. Alitoa springi ngumu aliyoikuta humo tangu mwanzo, akaweka fupi, laini, aliyopewa na fundi wa pikipiki. Akafunga kipande kizito cha madini ya risasi chini ya mtutu ili bastola iwe nzito kurushwa. Triga akaisugua kwa jiwe la kunolea mpaka ikaachia kama kitufe. Kaidi sasa ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayetema ganda la njugu. Vijana waliidharau. "Mzee, hii imekufa?" waliuliza. Aliwajibu kwamba imelala vizuri.

Ilitokea Manyatta, asubuhi ya manyunyu. Mama alifuta mikono kwa leso. Akaikamata Kaidi mpaka vifundo vya vidole vikabadilika rangi, akalenga baluni ya manjano, akafyatua. Baluni ilipasuka kwa sauti kubwa kuliko bastola yenyewe.

Afande alikuwa amesimama, kikombe mkononi. Mzee alimsogelea mkewe, akainamisha kichwa vilevile alivyowafanyia wateja wote.

"Uliskia ikiruka?"

"Haikuruka," Mama akasema.

Mzee alivua kofia akajifunika uso nayo. Mimi nililia, na sikujua nalia kwa furaha ya nani. Alipoitoa kofia alikuwa anacheka na macho yamelowa, akaniambia, "Binti, umeona? Mkono imekaza kabisa!" Kisha akageuka na kuanza kufungua kamba za turubai kabla hata mteja mmoja hajaingia. Jioni ile afande alizichukua bastola zote na kibali cha Mzee cha kuzitumia, zisirudi tena.

Misimu ilipita. Uwanjani waliniweka karibu na muuza maji ya miwa, na sikuwa na mtu wa kumuuliza kitu. Mwaka huu nilipata oda ya sweta za shule moja ya huko juu Githongo, na baada ya kuzifikisha nikauliza njia ya kwenda kwao.

Niliikuta nyumba katikati ya miti. Parachichi lile lilikuwa limepita paa. Mama aliniandalia chai na nduma, akanitembeza akinionyesha kila mti na uwanja ulikotoka: huu wa Embu, huu wa mwaka wa moshi, ule wa Meru. Hakusema nasikia hata mara moja. Mzee alikuwa ameketi barazani na koti lake. Mikono yake sasa ilikuwa inatetemeka, kikombe alikishika kwa yote miwili. Tuliongea, tukacheka habari ya makadamia, kisha nikamuuliza kama siku ile ya Manyatta alijua itapiga.

Aliingiza mkono mfukoni akatoa springi, ile ngumu ya zamani.

"Nilijua jana yake," alisema. "Afande alishika kama Mama, nikamwambia akaze kabisa. Akapiga baluni zote. Hii nilikuwa nayo kwa mfuko. Kuirudisha asubuhi ni kazi ya dakika kidogo tu, afande angedhani ni usafi, na hakuna mtu angejua." Aliitazama. "Nilikaa nayo usiku mzima."

"Na kwa nini hukuirudisha, Mzee?"

"Si ingekuwa nimepinda alama?" alisema, akaonekana kushangaa kwamba nimeuliza.

Mama alinisindikiza mpaka barabarani na mfuko wa parachichi. Njiani nilikuwa nikiwaza, na kama kawaida yangu sikuweza kunyamaza.

"Mama, wewe ulikuwa unakaa pale kila siku. Ulimsikia akiwaambia watu habari ya kifaranga."

"Nilimsikia mpaka nikaota."

"Basi ungelegeza mkono siku moja tu. Mngekuwa mmerudi kitambo. Mbona ulikuwa unakaza?"

Alisimama akahamisha mfuko mkono mwingine. Pikipiki niliyoiita ilikuwa inapanda mlima, na alingoja mlio ukaribie kana kwamba hakutaka mumewe asikie kutoka barazani.

"Ningekuja na yeye hapa, na kichwa yake ingebaki kwa hiyo silinda," alisema. "Mimi nilitaka turudi wote."

Akanipa mfuko, akaniambia niuweke mapajani nisiubane, parachichi zimeiva.